Shamba la minazi la ukoo, Ganda: tuendelee vipi kugema bila kuumaliza mnazi?

mjukuu_wa_Ganda

Shikamooni wakubwa, hamjambo wenzangu.

Nauliza kwa niaba ya nyumba nzima. Shamba letu liko Ganda, Malindi, ekari moja na nusu, minazi 64, yote ile mirefu ya kienyeji iliyopandwa na babu. Tembo (pombe ya utomvu unaogemwa mnazini) la mahari, la matanga na la kumwagia koma, mizimu ya wazee wetu, limetoka hapa siku zote, na linalozidi huuzwa mangweni (vilabu vya tembo). Mzee aliyekuwa akigema amestaafu. Vijana wawili wa nyumbani wako tayari kuishika kotama, kisu cha kugemea.

Hali ilivyo: minazi 40 inagemwa mwaka mzima bila kupumzishwa, mingine makole (vishada vya maua) mawili au matatu kwa pamoja. Yote inatoa lita 25 kwa siku. Makuti mapya yanatoka mafupi, na nazi za mchuzi tunanunua sokoni ilhali shamba tunalo. Tembo la jioni likimfikia mnunuzi limeshakuwa kali. Linalobaki tulijaribu kulifanya siki, likaota utando mweupe na ukali haukuja. Juu ya hayo, ami yetu mmoja anataka kuuza sehemu yake, na hakuna karatasi inayoonyesha mnazi upi ni wa nani.

Hatutaki tembo hili lifie mikononi mwetu. Naomba maelezo ya vipimo, si ya jumla: tugeme mingapi, vipi, tupande nini, na la ardhi tulianzie wapi.

Kotama

Marahaba mjukuu. Nianze na hesabu, ndiyo itakayokuamulia mengine. Lita 25 kwa minazi 40 ni kama vikombe viwili na nusu kwa mnazi kwa siku. Mnazi mrefu wenye afya, kole moja tu likigemwa vizuri, hutoa lita moja hadi moja na nusu, na ulionona hufika mbili. Yaani minazi 20 yenye nguvu itakupa tembo lile lile unalolipata leo kwa 40 iliyochoka, na mingine yote ikabaki kuzaa. Unachokigema ni chakula ambacho mnazi ulikuwa unakipeleka kwenye maua. Kole lililogemwa halitoi hata kidaka (nazi changa). Hapo ndipo nazi zenu za mchuzi zilipokwenda.

Ushauri wangu: gawanyeni minazi mafungu matatu, 21, 21 na 22. Fungu moja ligemwe miezi sita, mengine mawili yapumzike, kisha mzunguke. Kila mnazi upate mwaka mzima wa kupumua baada ya miezi sita ya kazi. Kutoka ua hadi nazi kavu ni kama miezi 12, hivyo fungu mtakaloliacha leo mtaangua nazi zake mwakani, na madafu kama miezi saba kutoka sasa. Miezi ya mwanzo tembo litapungua. Wauzieni wanunuzi wachache na mshikilie hapo hapo, msirudi kwenye minazi iliyolazwa hata mkiombwa vipi.

Kole ni moja kwa mnazi. Mawili kwa mnazi wenye makuti 30 na zaidi kileleni. Matatu msifanye kabisa. Na mnazi wenye makuti chini ya 25 usigemwe hata kidogo mpaka kilele kijae.

Sasa kazi yenyewe juu ya mnazi. Chagua karara, yaani kole likiwa bado ndani ya ala yake, lililokomaa lakini halijapasuka: limenenepa chini, ncha yake imeanza kubadilika rangi, ukilibana kwa vidole ni gumu. Likiwa change mno halitoi maji. Likiwa limepasuka, maua ya kiume yanapukutika na utomvu unavujia kila pahali. Lifunge kwa ukuti mbichi au kamba ya katani kuanzia shinani kwenda nchani, mzunguko mmoja na mwingine upishane vidole viwili, ili yaliyomo ndani yasifumuke. Kisha lianze kuinamishwa: kamba moja kutoka kwenye karara hadi kwenye upongoo (uti) wa kuti la chini, kila siku uivute kidogo, siku tano hadi saba, mpaka ncha itazame chini. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu. Wanalivuta kwa siku moja, linavunjika pale linaposhikana na mti, na karara limekwenda. Jingine la kufaa mtalingoja kama mwezi, kwa sababu mnazi hutoa karara moja kwa mwezi hivi.

Likishainama, kata ncha kama sentimita tano. Baada ya hapo ni kupunguza asubuhi na jioni, ubamba mwembamba wa milimita mbili, si zaidi. Matone ya kweli huja baada ya wiki moja au mbili. Kabla ya hapo endelea kukata hata kama ni pakavu. Sababu ya kukata kila siku ni kwamba mdomo wa kole huziba kwa utelezi na vijidudu, na ubamba ule mpya unaufungua. Ukiruka siku moja ya sikukuu, kesho yake utapata nusu. Kole lenye sentimita 45 za kukatwa, ukipunguza milimita nne kwa siku, kimahesabu linakaa zaidi ya miezi mitatu. Ukikata sentimita nzima kwa siku, limekwisha kwa mwezi na nusu. Basi ubamba mwembamba ni mali.

Kotama iwe kali ya kunyoa. Noa kwa jiwe laini kila jioni. Kisu butu kinaponda nyama ya kole badala ya kuikata, na palipopondwa panaziba na kuoza. Bakisha kigutu cha sentimita 15 mwishoni. Ukikata mpaka kwenye shina la kuti, uozo unaingia kileleni, na mnazi una kilele kimoja tu.

Kuhusu kuukwea mnazi: chongeni upya vidato (mikato ya kukanyagia shinani) vya zamani vilivyojaa, mguu upate pa kukaa. Msishike kuti la chini hata likiwa bichi. Mvua ikinyesha subirini shina likauke, na siku za kusi kali kazi ifanywe alfajiri kabla upepo haujasimama. Kotama ikae kwenye ala kiunoni, kibuyu kipandishwe kwa kamba baada ya mtu kufika na kujifunga mkanda.

shamba_darasa

Nakubaliana na Kotama karibu kwa yote, ila la vidato ninalipinga. Mnazi si kama mwembe. Hauna gamba linalokua na kufunika jeraha, kwa hiyo kidato kilichochongwa leo kitabaki wazi mpaka mti ufe. Ukikichonga upya unaongeza kina kila mara, maji ya mvua yanakaa humo, uozo unaanza, na fukusi wa mnazi wanafuata harufu kutaga mayai. Vilivyopo vitumieni. Vilivyooza visafisheni kwa kisu na mviinamishe kwenda nje ili maji yatiririke. Ila kwa minazi mipya msichonge kabisa: ngazi, au kitanzi cha kamba miguuni pamoja na mkanda wa kuzunguka shina.

Makuti mafupi mliyoyaona ndiyo kilio cha mnazi. Tazameni pia shingo: shina likianza kuwa jembamba chini ya kilele, mti umekuwa ukila akiba yake kwa muda mrefu. Minazi ya namna hiyo iwekeni kwenye fungu la mwisho kugemwa, hata kama leo ndiyo inayotoa tembo vizuri.

Chakula chake. Mnazi unapenda potasiamu kuliko kitu kingine, na kugema kunaipunguza. Makuti ya chini yakiwa na madoa ya manjano au ya rangi ya chungwa ilhali machanga bado kijani, ni upungufu wa potasiamu. Kwenu jibu liko uani: majivu ya jikoni na makumbi (maganda ya nje ya nazi). Chimbeni mtaro wa duara kuzunguka mnazi, mita moja na nusu hadi mbili kutoka shinani, kina cha sentimita 30, pangeni makumbi yakitazama juu kama bakuli, mwageni samadi iliyoiva kilo 25 hivi kwa mnazi, kisha fukieni. Fanyeni hivyo mwezi wa tatu kabla mvua za masika hazijaanza. Mizizi mingi inayokula iko ndani ya mita mbili za kwanza, kwa hiyo samadi inayotupwa pale shinani kabisa inapotea bure, na ile inayotupwa katikati ya mistari inaliwa na magugu. Makumbi hushika maji, na kwa mchanga wa Malindi hilo lina thamani kuliko samadi yenyewe kiangazi cha kaskazi.

Samadi mbichi msiilundike shambani. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, hutaga humo na kwenye magogo ya minazi iliyooza, kisha wakubwa wake huruka usiku kutoboa vilele. Dalili yake ni makuti yaliyokatika kama yamepigwa mkasi wa pembe tatu. Magogo yote yachanweni na kuyachoma au kuyafukia. Kwa miche, tieni mchanga uliochanganywa na chumvi pale makuti yanaposhikana na shina, na mkiona tundu lenye machicha mabichi mtoeni kwa waya wenye ndoana. Chungu maji moto wanaoshona majani msiwaue, ingawa najua mgema anawachukia. Hao ndio wanaomfukuza kunguni anayefyonza vidaka na kuvipukutisha. Kwa minazi inayogemwa, wapunguzieni njia tu kwa kukata makuti yanayogusana na mnazi wa jirani.

Sasa jambo ambalo hamkuuliza, nalo ndilo litakaloamua kama wajukuu watagema. Minazi yote 64 ni ya rika moja. Itazeeka pamoja. Umri wake mnaweza kuukadiria wenyewe: kila kuti likianguka huacha pete shinani, na mnazi mrefu hutoa makuti kama 12 kwa mwaka. Hesabuni pete kutoka chini hadi kilele, gawanyeni kwa 12, ongezeni miaka mitano ya utotoni kabla shina halijatokeza. Pete 540 ni kama miaka 50. Miaka ya ukame huwa na pete zilizobanana, kwa hiyo ni makadirio, lakini yanatosha kupanga. Mnazi mrefu huzaa vizuri mpaka miaka 60 hivi, ukahimili hadi 80 kwa kushuka.

Pandeni minne au mitano kila mwaka, kati ya mistari ya zamani, kuanzia mvua zijazo. Mbegu chagueni humo humo shambani: mnazi wenye kilele cha mviringo, vikonyo vifupi na vinene, unaozaa nazi zaidi ya 60 kwa mwaka, na ambao kwenye kugemwa unajulikana kwa kutoa. Nazi ziwe zimekauka mtini, zikiwa na miezi 11 au 12. Zilazeni ubavu kwenye kitalu, theluthi mbili ndani ya mchanga, kivulini, maji kila siku mbili. Zisizochipua kwa miezi mitano tupeni, kwa sababu mbegu mvivu huzaa mnazi mvivu. Miche ihamishwe ikiwa na miezi sita hadi tisa na majani manne au zaidi. Shimo sentimita 60 kila upande, makumbi chini, udongo wa juu na samadi iliyoiva, mche ukae chini kidogo ya usawa wa ardhi. Nafasi mita 9 kwa 9. Tarajieni karara la kwanza baada ya miaka sita hadi minane. Mkitaka mbegu za nje, KALRO (shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo) la Mtwapa ndio waulizwe, lakini kwa tembo la ukoo sioni sababu ya kuacha damu ya minazi ya babu yenu.

Siki_ya_Mambrui

Mjukuu, hamjambo nyumbani. Mimi nitasema la tembo kuchacha na la siki, kwa sababu ni jambo moja lenye sura mbili.

Utomvu unapodondoka ni mtamu, sukari asilimia 12 hadi 16, na hauna kileo. Hamira za porini na bakteria wako tayari kwenye mdomo wa kole na ndani ya kibuyu, wanaanza kazi tone la kwanza likianguka. Kwa joto la Malindi, saa chache zinatosha kulibadili. Kesho yake lina kileo cha asilimia 4 hadi 6, na siku inayofuata uchachu wa siki unaingia. Huwezi kulizuia, unaweza kulichelewesha tu.

Kinacholiharakisha zaidi ni mashapo ya jana. Kibuyu kikitolewa tembo na kurudishwa juu bila kuoshwa, mashapo yaliyoganda ndani ni hamira tupu. Kwa tembo kali hiyo ni sawa, wagema wengi hukusudia hivyo. Kwa tembo tamu ni hasara. Kila mnazi uwe na vibuyu viwili: kimoja juu, kimoja kinasuguliwa kwa mchanga na maji ya moto, kinasuuzwa kwa maji yanayochemka, kinaanikwa juani kutwa. Kibuyu chenye ufa wa ndani kitupeni, hakisafishiki. Mdomoni funikeni kwa kilifu (wavu wa nyuzi wa mnazi) safi, nyuki na mvua visiingie, na kilifu hicho hicho kingine kavu ndicho chujio zuri kuliko kitambaa. Madumu ya kusafirishia yawe yale ya chakula. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba au mafuta ya taa halifai hata likioshwa mara kumi.

Tembo la asubuhi limekaa kwenye baridi ya usiku, hilo ndilo la kuuza kama tembo tamu, na lifike kwa mnunuzi kabla ya saa tatu. La jioni limepigwa na jua kutwa, hilo msishindane nalo. La jioni ndilo la siki.

Siki yenu iliharibika kwa sababu mbili, naamini. Mliiweka wazi tangu siku ya kwanza, na chombo kilikuwa na mdomo mwembamba. Siki ina hatua mbili na kila moja inataka hewa tofauti. Hatua ya kwanza sukari igeuke kileo: dumu lijazwe karibu lote, kifuniko kilegezwe tu hewa itoke, kivulini, siku nne au tano mpaka povu lilale. Kisha mimina taratibu, mashapo yabaki chini. Hatua ya pili kileo kigeuke asidi, na hapo bakteria wanataka hewa nyingi: ndoo pana ya plastiki ya chakula au mtungi wa udongo uliopakwa rangi ya kioo ndani, ujazwe nusu au theluthi mbili, mdomo ufungwe kwa kitambaa kizito dhidi ya vinzi. Tia siki ya zamani ambayo haijachemshwa, sehemu moja kwa kila sehemu nne za tembo. Hiyo inapandisha uchachu haraka na kuzuia ule utando mweupe wa unga unga, ambao ni hamira ya juu inayokula kileo na kuacha maji. Mama wa siki ni utando tofauti: mnene, laini, unateleza kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Huo msiutoe wala msiutikise.

Wiki nne hadi nane. Sufuria ya alumini msiitumie popote, siki inaila. Siki ikishaiva isiachwe wazi, kwa sababu kileo kikiisha bakteria wanaanza kuila asidi yenyewe na inarudi kuwa maji. Chuja, pasha moto nyuzi 65 hadi 70 kwa dakika 20, tia chupani ikiwa moto, funga.

Kipimo cha ukali: siki ya kuuzwa iwe na asidi asilimia 4 na zaidi. Ulimi hauwezi kupima hilo. Chukueni mililita 1 ya siki, maji safi kidogo, matone mawili ya fenolfthalini (dawa ya kuonyesha rangi), kisha dondosheni hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M mpaka rangi ya waridi ikae. Ikimeza mililita 6.7 ni asilimia 4. Ikimeza 5 ni asilimia 3, bado. Mwalimu yeyote wa kemia wa sekondari anaweza kuwafanyia kwa dakika tano. Ikigoma kupanda, tembo lenu lilikuwa na kileo kidogo tangu mwanzo, na mara nyingi ni kwa sababu lilitiwa maji au mvua iliingia kibuyuni. Tembo la asilimia 5 linatoa siki ya asilimia 4 na kitu, halina ziada ya kupoteza.

Na kwa majirani zetu Waislamu wasiogusa tembo: siki ya mnazi wanainunua, wanaitumia kwa achari na samaki. Soko hilo Malindi mjini msilidharau.

baraza_la_Kakuyuni

Niliseme la ardhi, maana hilo ndilo linaloweza kuyafuta yote mliyoelezwa.

Kwa desturi yetu mnazi una mwenyewe na udongo una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Aliyepanda ndiye mwenye mnazi. Mnazi uliwekwa rehani, ukauzwa, ukarithiwa peke yake, mbele ya mashahidi walioketi na kunywa tembo la ushahidi. Ndiyo sababu mpaka leo mtu akikupa pa kulima hukuruhusu mahindi na muhogo lakini hakuruhusu kupanda mnazi wala mwembe. Mti wa kudumu ni dai.

Hati ya shamba haiyajui hayo. Tangu Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 ilipoanza kutumika ukanda huu, karatasi inaandika kipande cha ardhi na jina la mwenyewe; haisemi nani alipanda mnazi upi. Ami akiuza, mnunuzi atashika karatasi, na minazi ya shangazi zako iliyomo humo itakuwa maneno matupu.

Fanyeni hivi kabla ya kitu kingine. Kila mnazi upigwe namba kwa rangi usawa wa kifua, 1 hadi 64. Daftari moja: namba, mahali ulipo, pete zilizohesabiwa, aliyeupanda, anayeumiliki sasa, fungu la kugema, na kama umewahi kuwekwa rehani. Chorweni ramani ya mkono. Wazee na wote wanaohusika, wanawake wakiwemo, watie saini kila ukurasa mbele ya chifu au wakili. Hapo mnakuwa na ushahidi.

La pili, angalieni hati iko kwa jina la nani. Kama bado ni la babu aliyefariki, hakuna anayeweza kuuza kihalali hata hatua moja mpaka mirathi ifunguliwe na msimamizi ateuliwe na kuthibitishwa na mahakama. Familia ya Kiislamu inaweza kwenda kwa Kadhi. Anayelipwa sasa anauza asichokuwa nacho. Mirathi ikikamilika na ami akashikilia kuuza, ardhi ya kilimo inahitaji ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na kikao hicho ndicho mahali pa ndugu kusema na kuweka daftari mezani. Bora zaidi mzungumze naye mapema: ukoo umlipe kwa awamu kutokana na nazi na siki, au yeye abaki na udongo na awakodishe minazi kwa mkataba wa maandishi.

Pembe ya shamba iliyo ya koma itengwe nje ya mazungumzo yote ya kuuza, na njia ya kuifikia iandikwe. Kama kuna vigango (nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka waliokufa), pigeni picha kila kimoja na mpeleke taarifa ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo Malindi. Vigango vimeibwa sana na kuuzwa ng'ambo, na pasipo picha hakuna kinachorudi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inavilinda, lakini lazima vijulikane kuwa vilikuwepo.

Leseni ya kuuza tembo ni kazi ya serikali ya kaunti chini ya Katiba ya 2010. Ulizeni ofisi ya leseni za vileo kabla ya kuongeza wanunuzi.

mjukuu_wa_Ganda

Nimeshukuru sana, wakubwa. Daftari tunaanza nalo Jumamosi. Maswali mawili. Vijana wanauliza kama tupande kitamli (mnazi mfupi) badala ya mirefu, ni rahisi kuukwea na unazaa mapema. Na mgema alipwe vipi ili asishawishike kukata makole matatu?

shamba_darasa

Kitamli unaanza kuzaa miaka mitatu hadi minne, ni kweli, na madafu yake yanauzika kwa wageni. Lakini maisha yake ni mafupi kuliko ya mrefu, unaumia haraka na kiangazi, na chonga anaupenda. Pandeni michache karibu na nyumba mnakoweza kumwagilia, kwa ajili ya madafu. Shamba la tembo libaki la mirefu.

Kotama

La vidato nimelisikia, shamba_darasa. Kwa minazi mipya ngazi ni sawa. Kwa ile ya zamani yenye vidato vilivyolika nusu, mtu hawezi kupanda mara mbili kwa siku na ngazi ya mita 15, basi mkanda uwe lazima.

La malipo, mjukuu: msimlipe kwa lita. Anayelipwa kwa lita atakata sana, atatia maji, na atagema mnazi uliolazwa. Gawaneni kwa siku: siku kadhaa za wiki tembo lote la fungu ni lake, siku nyingine ni la shamba, na muandike. Siku zake zisiwe zimefuatana, la sivyo atakata ubamba mnene siku yake na mwembamba siku yenu. Kila mwezi mtu wa pili apande na kuhesabu makole na urefu uliobaki, aandike kwenye daftari kando ya namba ya mnazi. Kole lililopungua zaidi ya sentimita 15 kwa mwezi, muulizeni.

Siki_ya_Mambrui

Nyongeza ndogo kwenye daftari hilo: pimeni pia sukari ya kila mnazi mara moja kila fungu linapoanza, kwa rifraktomita, kile kipimo kidogo cha kutazamia juani. Tone liwe la saa ile ile, moja kwa moja kutoka kwenye kole, si kutoka kibuyuni. Inayofika asilimia 15 na zaidi wekeni alama, nazi zake ndizo za kitalu. Iliyo chini ya 11 ilhali haijanyeshewa, samadi na makumbi vianze hapo.